Kupima kazi ya mwanahisabati wa aljebra au jiometri: zbMATH, MathSciNet, Google Scholar, Scopus au Web of Science?

Tarehe 1 Agosti 2018, kwenye Kongamano la Kimataifa la Wanahisabati jijini Rio de Janeiro, Caucher Birkar wa Cambridge alipewa Nishani ya Fields. Kazi iliyompa nishani ile ni uthibitisho wake kuhusu varieti za Fano, nao umo katika makala mbili ndefu alizoweka mwaka 2016 kwenye arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala ambazo bado hazijatoka jaridani. Siku alipopanda jukwaani hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyokuwa imetoka jaridani. Ya kwanza ilichapwa na Annals of Mathematics mwaka 2019, ya pili 2021. Aliyefungua Web of Science wiki ile ili aone athari ya Birkar hakuikuta kazi yenyewe katika orodha ya makala za majarida.

Kwa hiyo swali la "ana h ngapi?" (h ni namba moja inayojumlisha makala za mtu na kunukuliwa kwake; tutaieleza chini) halijibiki mpaka kwanza tuulize "h ya wapi?" Mwanahisabati mmoja hupata namba tano tofauti katika hifadhidata tano, na pengine hakuna iliyokosea, kwa kuwa kila moja imehesabu vitu vyake na kuacha vyake. Ulinganisho huu ni kwa mhadhiri anayejaza fomu ya kupandishwa cheo, kwa mjumbe wa kamati anayezisoma fomu hizo bila kuwa mtu wa aljebra, na kwa mwanafunzi anayetafuta msimamizi wa uzamivu. Msimamo wetu tuuseme mapema. Kwa aljebra na jiometri anzia zbMATH, hakikisha kwa MathSciNet kama chuo chako kinaifikia, tumia Google Scholar kutafuta kilichosahaulika, na Scopus au Web of Science zitumie pale fomu inapozidai, ukijua zinakata wapi.

Ndugu wa baba mmoja

zbMATH na MathSciNet zina mwanzilishi mmoja. Otto Neugebauer ndiye mhariri aliyeanzisha Zentralblatt für Mathematik mwaka 1931 huko Ujerumani. Mwaka 1938 alijiuzulu baada ya Tullio Levi-Civita, mwanajiometri Myahudi wa Italia, kuondolewa kwenye bodi ya wahariri. Neugebauer akahamia Marekani, na mwaka 1940 Mathematical Reviews ikaanza mikononi mwake. Zentralblatt ndiyo leo zbMATH Open, na Mathematical Reviews ndiyo MathSciNet ya Chama cha Hisabati cha Marekani, yenye ofisi Ann Arbor, Michigan. Hadi leo ndugu hawa wawili wanauhariri pamoja mfumo wa MSC wa kupanga mada za hisabati, unaorekebishwa kila baada ya miaka kumi.

Wanachofanana ndicho kinachowapa uzito. Kwanza, wote wana watu, si kompyuta peke yake, wanaohakiki nani ni nani kati ya waandishi wenye majina yanayofanana. Pili, makala nyingi zina mapitio yaliyoandikwa na mtaalamu na kutiwa jina lake. Mjumbe wa kamati ambaye hajui tofauti ya ringi na kundi anaweza kusoma nusu ukurasa wa mapitio akafahamu teoremu ipi imethibitishwa, imeboresha matokeo ya nani, na kama njia iliyotumika ni mpya. Hesabu ya kunukuliwa haimwambii lolote kati ya hayo. (Si kila makala ina mapitio; nyingine zina muhtasari wa mwandishi mwenyewe tu, kwa hiyo angalia jina lililo chini ya maelezo kabla hujayachukua kama hukumu ya mtu wa nje.)

Tofauti yao ya kwanza ni mfuko. zbMATH imekuwa wazi kwa kila mtu tangu Januari 2021, chini ya FIZ Karlsruhe pamoja na Chama cha Hisabati cha Ulaya na Chuo cha Sayansi cha Heidelberg. Hakuna usajili, hakuna nywila. MathSciNet hulipiwa na taasisi. Chama cha Marekani kina mpango wa nafuu kwa nchi zinazoendelea, kwa hiyo muulize mkutubi wa chuo chako kabla hujajiambia kwamba haifikiki. Hata bila usajili, chombo chao kiitwacho MR Lookup hukupa bure taarifa sahihi za kibibliografia za makala yoyote waliyoiorodhesha, na kwa kusafisha orodha ya marejeo hakuna kinachokishinda.

Ya pili ni kina cha wakati. zbMATH ilimeza pia data ya Jahrbuch über die Fortschritte der Mathematik, ambayo inarudi nyuma hadi 1868. Ukiwa unafuatilia jiometri ya karne ya 19, jibu ni zbMATH. MathSciNet nguvu yake inaanzia 1940.

Ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi: kuorodheshwa si sawa na kunukuliwa. MathSciNet inaorodhesha makala tangu 1940, lakini ilianza kukusanya orodha za marejeo karibu na mwaka 2000. Chukua juzuu za Grothendieck kuhusu misingi ya jiometri ya kialjebra, zile zinazoitwa EGA, zilizotoka katika Publications Mathématiques de l'IHÉS kati ya 1960 na 1967. Kizazi kizima kilichozisoma na kuzinukuu katika miaka ya sitini, sabini na themanini karibu chote hakimo katika hesabu hiyo. Namba unayoiona ni sauti ya wajukuu tu. Ukimlinganisha mtu aliyefanya kazi yake kubwa mwaka 1972 na mwingine wa 2012 kwa hesabu ya MathSciNet, umemwibia mkubwa.

Ya nne ni nakala za awali, yaani makala zilizowekwa mtandaoni kabla ya kuchapwa jaridani. Grigori Perelman aliweka arXiv makala tatu kuhusu mtiririko wa Ricci: Novemba 2002, Machi 2003 na Julai 2003. Hakuzipeleka jarida lolote. Kwa kuwa MathSciNet kwa kawaida huorodhesha kilichochapishwa, kazi iliyothibitisha dhana ya Poincaré inakaa nje ya mlango wake. zbMATH ilizipa namba: Zbl 1130.53001, 1130.53002 na 1130.53003. Kwa mtu wa jiometri, hiyo si tofauti ndogo.

Jinsi ya kuitumia zbMATH bila kupotea

Nenda zbmath.org, chagua sehemu ya waandishi, andika jina la ukoo na herufi ya kwanza. Ukifungua ukurasa wa mtu utaona kitambulisho chake chenye muundo wa ukoo.jina kwa herufi ndogo. Kikiwa na namba mwishoni, kama .1 au .2, ujue kuna wenye jina hilo zaidi ya mmoja, na ni lazima uhakiki makala moja moja. Ukishapata kitambulisho, tafuta kwa ai: ikifuatwa na kitambulisho chenyewe. Ukitumia au: na jina tu, utazoa ukoo mzima.

Kwa majina yetu hatari ni kubwa zaidi. Mtu aitwaye Ali Juma Hamad huenda makala yake ya kwanza ikatoka kwa jina la Ali Juma, ya pili kwa A. J. Hamad, na ya tatu mhariri akageuza mpangilio likawa Hamad Ali. Mifumo inayojiendesha itamgawa watu watatu. Kwa upande mwingine, J. Otieno au P. Mwangi wa chuo kimoja anaweza kuunganishwa na mwenzake wa kilimo. Dawa yake ni kuchagua namna moja ya kuandika jina kabla ya makala ya kwanza na kutoiacha, kujisajili ORCID (namba ya tarakimu 16, bure), kisha kuiunganisha na ukurasa wako wa zbMATH na MathSciNet. Hifadhidata zote mbili hupokea maombi ya marekebisho.

Ndani ya ukurasa wa mwandishi kuna visanduku vinavyoonyesha amenukuliwa na waandishi wangapi, katika majarida gani, na katika fani zipi za MSC. Hivi visanduku ni bora kuliko h. Tazama cha waandishi waliomnukuu. Kama jina la kwanza ni lake mwenyewe, na yanayofuata ni ya watu wanne alioandika makala nao, hesabu kubwa uliyoiona juu imepungua thamani. Kama waliomnukuu wametawanyika katika nchi na majarida mengi, na fani zimevuka kutoka 14, jiometri ya kialjebra, hadi 81, nadharia ya kwanta, hapo kuna kazi iliyosafiri.

Halafu kuna hila moja ambayo kamati zingeijua zingeacha nusu ya ubishi. Usiulize kama kunukuliwa mara 30 ni nyingi. Uliza makala hiyo ni ya ngapi kati ya wenzake wa mada na mwaka huohuo. Soma msimbo wa kwanza wa MSC wa makala, kwa mfano 14E30, ambao ni programu ya modeli ndogo kabisa. Andika kwenye sehemu ya kutafutia:

cc:14E30 & py:2010

Panga matokeo kwa idadi ya kunukuliwa, kisha tafuta makala yako iko nafasi ya ngapi. Alama ya & ni "na", | ni "au", ! ni "siyo". Makala ya nafasi ya 9 kati ya 150 ni habari. "Mara 30" peke yake si habari. Mada nyembamba za aljebra zina wasomaji wachache duniani, na mara 12 huenda ikawa karibu kila mtu anayeifanya mada hiyo.

Mtego upo hapa: misimbo hubadilika. Mtiririko wa Ricci sasa una msimbo wake, 53E20, ulioletwa na MSC ya 2020. Kabla ya hapo kazi hizo ziliwekwa chini ya 53C44. Ukitafuta 53E20 kwa mwaka 2008 utapata karibu patupu ukadhani mada haikuwepo. Kwa makala za kabla ya 2020, fungua makala moja unayoijua ya mada hiyo, soma msimbo iliopewa wakati ule, ndipo utafute.

Google Scholar: wavu mpana, matundu makubwa

Scholar, iliyoanza Novemba 2004, inahesabu kila inachokiona: makala, nakala za awali, tasnifu, maelezo ya mihadhara, hata ripoti iliyowekwa kwenye tovuti ya idara. Ndiyo maana namba yake karibu daima ni kubwa kuliko zote. Kwa wahisabati upana huo una faida ya kweli. Makala za Birkar za 2016 zilihesabiwa huko tangu zilipoanza kunukuliwa, bila kungoja Annals. Tasnifu iliyotumia lema yako, ambayo Scopus haitaiona kamwe, inaonekana. Mengi ya majarida ya vyuo vyetu yanapatikana huko tu.

Lakini Scholar haina mlinzi. Mambo haya matatu huharibika mara kwa mara katika aljebra na jiometri. La kwanza, makala iliyobadilishwa kichwa kati ya arXiv na jarida, jambo ambalo wahakiki hulidai sana, hugawanyika kuwa makala mbili, kila moja na hesabu yake, na h hushuka au kupanda bila sababu. La pili ni kinyume chake: makala zenye vichwa vinavyofuatana, "I" na "II", huunganishwa kuwa moja. La tatu, kazi za mwenye jina kama lako huingia kwenye wasifu wako usiku, kwa sababu wasifu umeachwa ujisasishe wenyewe. Fungua mipangilio ya wasifu, uchague kupokea barua pepe ili uidhinishe kila nyongeza kabla haijaingia. Makala zilizogawanyika ziteue zote mbili, kisha ziunganishe. Ukiona nyota pembeni ya namba ya kunukuliwa, maana yake ni kwamba hesabu hiyo imejumlisha maandishi ambayo huenda si ya makala hiyo, ifungue ukague.

Kwa mjumbe wa kamati kuna jambo moja la kukumbuka: wasifu wa Scholar unatengenezwa na mhusika mwenyewe. Asiye na wasifu si kwamba hana kazi. Na mwenye wasifu usiosafishwa si lazima awe mdanganyifu. Mara nyingi hajawahi kuufungua tangu auanzishe.

Scopus na Web of Science: za fomu

Scopus ni ya Elsevier, ilianza 2004. Web of Science ni ya Clarivate na chimbuko lake ni faharasa ya Eugene Garfield ya 1964. Zote mbili ni za kulipia, ingawa Scopus humruhusu yeyote kutafuta mwandishi na kuona muhtasari wake bila usajili. Huchuja majarida kabla ya kuyapokea, na hilo ndilo vyuo vinalipenda: jarida likiwemo, angalau limepita mlango mmoja. Afrika Matematika, jarida la Umoja wa Wanahisabati wa Afrika lililoanzishwa 1978 na kuchapwa na Springer tangu 2011, ni mfano wa jarida la bara hili linalopatikana katika Scopus na pia kwa ndugu wawili wa hisabati.

Kasoro zake kwa fani yetu ni tatu. Scopus huhesabu marejeo yaliyomo katika makala za kuanzia 1970. Yaliyonukuliwa kabla ya hapo hayamo. Vitabu viko vichache na vya karibuni, wakati jiometri ya kialjebra inaishi kwa vitabu: kitabu cha Robin Hartshorne cha 1977 kimefundisha karibu kila mtu wa fani hiyo, na hakuna orodha ya makala za majarida itakayokuonyesha hilo. Na kwa Web of Science kuna jambo ambalo watu hugundua wakishagombana: hesabu inategemea miaka ambayo chuo chako kimelipia. Chuo kilicholipia kuanzia 1990 na kilicholipia kuanzia 1945 vitatoa h mbili tofauti za mtu mmoja, siku moja. Ukiombwa h ya Web of Science, andika pia miaka ya usajili uliotumika.

Kuna pia tabaka ndani ya Web of Science. Faharasa ya majarida yanayochipukia, ESCI, ilianza 2015, na tangu Juni 2023 majarida yake nayo hupewa Kigezo cha Athari (Impact Factor, kipimo cha jarida tutakachokieleza hapa chini). Kwa hiyo kauli ya "jarida hili lina Kigezo cha Athari" haimaanishi leo kile ilichomaanisha 2020. Fomu nyingi bado hazijalizingatia hilo.

Dirisha la muda linavyowaumiza watu wa aljebra

Kigezo cha Athari cha mwaka fulani huchukua mara ambazo makala za miaka miwili iliyotangulia zimenukuliwa ndani ya mwaka huo, kisha kugawanya kwa idadi ya makala hizo. CiteScore ya Scopus hutazama miaka minne. MathSciNet ina kipimo chake, MCQ, kinachotazama miaka mitano iliyotangulia. Tofauti hii inaonekana ndogo mpaka uifuatilie makala moja.

Makala yako inatoka Januari 2022. Msomaji makini anaielewa kufikia katikati ya mwaka, anaandika ya kwake, anaituma jaridani Desemba 2022. Katika majarida mazuri ya aljebra uhakiki huchukua mwaka au zaidi, kwa sababu mhakiki anapitia uthibitisho mstari kwa mstari. Kisha kuna foleni ya uchapaji. Makala yake inatoka 2025. Kigezo cha Athari cha 2025 kinatazama makala za 2023 na 2024 tu. Rejeo lake, la msomaji wako wa haraka kuliko wote, limetupwa. MCQ ya 2025 inatazama 2020 hadi 2024, na CiteScore ya 2025 inatazama 2022 hadi 2025. Zote mbili zinalihesabu. Ripoti ya 2008 iliyotolewa na Umoja wa Kimataifa wa Hisabati pamoja na vyama viwili wenzake ilieleza kwamba katika hisabati takribani asilimia 90 ya marejeo huangukia nje ya dirisha la miaka miwili. Jarida la aljebra kulipima kwa Kigezo cha Athari ni kulipima kwa sehemu moja ya kumi ya maisha yake, nasi tunaona ni kosa ambalo kamati zinapaswa kuliacha sasa.

Ukilazimika kulinganisha majarida mawili ya hisabati, tumia MCQ, na ulinganishe ya fani moja: aljebra kwa aljebra. Usiweke jarida la nadharia ya makundi mbele ya jarida la milinganyo ya tofauti, maana tabia zao za kunukuu hazifanani.

Hesabu ya h, na mpangilio wa majina

Kipimo cha h, alichopendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ni namba kubwa kabisa h ambayo mtu ana makala h zilizonukuliwa angalau mara h kila moja. Weka watu wawili kando kwa kando. Wa kwanza ana makala tano, zilizonukuliwa mara 300, 120, 40, 6 na 5. Jumla 471, h ni 5. Wa pili ana makala kumi na mbili, kila moja mara 12. Jumla 144, h ni 12. Huenda wa kwanza ndiye aliyefungua njia ambayo wa pili anaitembea, lakini h imempa mwenzake zaidi ya maradufu. Aljebra na jiometri zina watu wengi wa aina ya wa kwanza. Kwa hiyo ukitoa h, toa pia jumla, na hesabu ya makala mbili au tatu za juu.

Mpangilio wa majina nao ni suala la haki. Katika hisabati waandishi hupangwa kwa alfabeti, na Chama cha Hisabati cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2004 kueleza hivyo kwa wasio wahisabati. Makala kubwa ya 2010 kuhusu modeli ndogo kabisa, iliyokuwa arXiv tangu 2006, ni ya Birkar, Cascini, Hacon na McKernan. Birkar yuko mwanzo kwa sababu ya B. Kuna fomu za kupandishwa cheo, zilizotungwa kwa desturi za tiba au kilimo, zinazompa mwandishi wa kwanza pointi zote na wa nne robo. Kwa fomu hiyo McKernan ameadhibiwa kwa herufi ya ukoo wake. Ukikutana nayo, ambatisha tamko hilo la 2004 na uombe pointi sawa kwa wote. Ni hoja yenye hati nyuma yake.

Kuhusu udanganyifu, hisabati ni dhaifu kuliko fani nyingine kwa sababu namba zake ni ndogo: kundi la watu kumi wakikubaliana kunukuuana wanaweza kufika kileleni. Novemba 2023 Clarivate iliondoa hisabati nzima katika orodha yake ya watafiti wanaonukuliwa sana, kwa kueleza kwamba fani yenye viwango vya chini vya kuchapa na kunukuu ni rahisi kuchezewa. Mtu akikuletea cheti cha orodha hiyo katika hisabati cha miaka ya kabla, rudi kwenye visanduku vya zbMATH uone nani wamemnukuu. Dalili za kuangalia ni hizi: majina yaleyale matano yanabeba nusu ya hesabu, majarida yaliyomnukuu ni machache, na marejeo yamerundikana katika sentensi moja ya utangulizi, yaani namba kumi na tano ndani ya mabano bila makala yoyote kutumika katika uthibitisho. Hii ya mwisho hakuna hifadhidata inayoionyesha. Inabidi ufungue makala yenyewe.

Visivyohesabika popote

Stacks Project, kitabu cha mtandaoni cha jiometri ya kialjebra kinachoongozwa na Johan de Jong, kina kurasa zaidi ya 7,000 na wachangiaji wengi. Hunukuliwa kwa jina la pamoja na kwa msimbo wa lema. Aliyeandika lema hiyo hapati hata rejeo moja katika ukurasa wake wa Scopus wala kwingineko. Kama umechangia, iandike kwenye CV kwa misimbo yenyewe.

Programu za kompyuta zina hali ya kinyume. Makala ya Bosma, Cannon na Playoust ya 1997 kuhusu Magma imenukuliwa maelfu ya mara, kwa sababu kila anayeitumia programu huinukuu. Hizo ni hesabu za chombo, nazo ni za heshima, ila usizipange mezani pamoja na hesabu za teoremu. zbMATH inazo kumbukumbu za programu katika sehemu yake ya swMATH, ambako utaona makala zilizotumia GAP, Macaulay2 au SageMath. Kwa mtu aliyeandika kifurushi cha GAP, hapo ndipo ushahidi wake ulipo.

Kuchagua

Unajaza fomu inayodai Scopus: toa namba ya Scopus kama ilivyoombwa, na chini yake ongeza mstari wa zbMATH pamoja na nafasi ya makala zako mbili bora katika msimbo na mwaka wao. Unahukumu mwombaji: anza na mapitio ya zbMATH ya makala tatu anazozichagua yeye, kisha visanduku vya waliomnukuu, namba za mwisho. Unatafuta msimamizi: ukurasa wa zbMATH utakuonyesha fani na wenza, na arXiv itakuonyesha kama bado anafanya kazi mwaka huu. Unatafuta nani ametumia matokeo yako: Scholar kwanza, kwa sababu ya tasnifu na nakala za awali. Unafuatilia kazi ya kabla ya 1940: zbMATH, na hakuna mbadala.

Popote unapoandika namba, usiiache uchi. Iandike hivi, ukijaza mahali pa nukta:

"Makala … zilizoorodheshwa zbMATH Open, zimenukuliwa mara … na waandishi … (bila kujinukuu: …). Fani kuu MSC 20 na 16. Makala ya mwaka … ni ya … kati ya … katika msimbo … kwa mwaka huo. Imesomwa tarehe …"

Kwenye "bila kujinukuu", toa mara ambazo jina lako limo katika kisanduku cha waliokunukuu. Makala iliyo arXiv na bado haijakubaliwa iweke katika orodha ya pembeni yenye namba yake ya arXiv na tarehe ya kupandishwa, usiichanganye na zilizochapwa.